Kemia ya mwaka wa kwanza chuoni: ni marudio ya kidato cha sita au kitu kipya?

*Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCB, na nimepata nafasi ya kusomea ualimu wa sayansi, masomo ya kemia na baiolojia. Dada zangu wawili walio mwaka wa tatu wananiambia kozi za kemia za mwaka wa kwanza ni marudio ya kidato cha tano na sita, kwa hiyo nisihangaike. Halafu hao hao wanasema ndizo zilizowasapisha watu wengi kwenye darasa lao. Inakuwaje yote mawili yawe kweli? Mle ndani kinafundishwa nini hasa? Na nifanye nini kwenye wiki sita zilizobaki kabla chuo hakijafunguliwa? Msomaji, Songea.*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kufaulu. Dada zako hawajakudanganya. Yote mawili ni kweli, na nitaeleza kwa urefu kidogo kwa nini yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, maana ukilielewa hilo, namna ya kusoma utaipata mwenyewe.

Tuanze na huo upande wa marudio. Ukifungua silabasi ya mwaka wa kwanza, mada karibu zote utazitambua: muundo wa atomi, vifungo vya kikemikali, tabia za gesi, nishati, kasi ya mmenyuko, msawazo, asidi na besi, elektrokemia, kemia ya kaboni. Marekani, ambako wengi hufika chuoni bila kupitia kitu kama kidato cha tano na sita, mada hizi hukusanywa kwenye kozi ya kemia ya jumla ya mihula miwili, na kemia ya kaboni husubiri mwaka wa pili. Kwetu, kwa kuwa mmeshapita huko, vyuo vingi hugawa mapema: kozi ya kemia ya kifizikia peke yake, ya kaboni peke yake, isiyo ya kaboni peke yake, na maabara yenye alama zake. Majina na namba za kozi hutofautiana chuo kwa chuo, ila kilichomo ndani hakipishani sana.

Sasa upande wa pili. Nimefundisha mwaka wa kwanza kwa miaka mingi, na kila mwaka namwona mwanafunzi ambaye ikifika wiki ya tatu ameshaacha kuandika. Amesikia "asidi na besi", akasema moyoni, hii nilipata A. Jaribio la kwanza linakuja na swali la mstari mmoja: tafuta pH ya myeyusho wa asidi ya haidrokloriki wenye ukolezi wa moli 1.0 × 10⁻⁸ kwa lita. Anafurahi. Anashika kikokotoo, anabonyeza logi, anageuza alama, anaandika 8.00, anapigia mstari chini mara mbili na kuhamia swali linalofuata.

Hebu soma jibu lake pole pole. Ametia asidi kwenye maji safi, na maji yamegeuka besi. Haiwezekani, na yeye mwenyewe ukimuuliza kwa mdomo atakwambia haiwezekani. Kanuni aliyotumia ni sahihi, na logi yake ni sahihi. Aliyosahau ni maji. Maji safi kwenye nyuzijoto 25 yana ioni zake za haidrojeni, moli 1.0 × 10⁻⁷ kwa lita, yaani mara kumi ya zile zilizoletwa na asidi hii. Kidato cha sita hukuhitaji kuzihesabu kwa sababu maswali yote yalikuwa ya ukolezi wa 0.1 au 0.01, na huko ioni za maji ni tone baharini. Hapa mambo yamegeuka: asidi ndiyo tone. Inabidi uandike kwamba ioni za haidrojeni zikizidishwa na za haidroksidi zinatoa 1.0 × 10⁻¹⁴, kisha uandike kwamba chaji chanya zote lazima zilingane na chaji hasi zote, yaani haidrojeni ni sawa na kloridi jumlisha haidroksidi. Unapata mlinganyo wa kipeo cha pili, ukiukokotoa unapata 1.05 × 10⁻⁷, na pH ni 6.98. Chini ya 7 kidogo sana, kama ulivyotegemea kwa asidi kidogo sana.

Hakuna kanuni hata moja hapo ambayo hukufundishwa sekondari, ila imebidi ujiulize swali moja kabla ya kugusa kikokotoo: ndani ya chombo mna nini, na mna kiasi gani cha kila kimoja? Ukiniuliza mwaka mzima wa kwanza unafundisha nini, nitakujibu kwamba unafundisha kuuliza swali hilo kila mara, mpaka liwe tabia. Mitihani ya kidato cha sita ina sura zinazojirudia. Ukipitia mitihani ya nyuma ya kutosha, unalitambua swali kwa sura na kulichagulia kanuni. Mwalimu wa chuo akiona hivyo hubadilisha sura. Anayekariri sura anapotea, hata kama alipata A, na hapo ndipo sapu zinapotoka.

Upande wa "kiasi gani" unabebwa na moli. Najua umechoka na moli tangu kidato cha tatu. Lakini angalia jambo moja: madesa mengi utakayorithi kwa waliokutangulia bado yanasema moli ni idadi ya atomi zilizo kwenye gramu 12 za kaboni-12. Hiyo ilikuwa fasili sahihi zamani. Tangu tarehe 20 Mei 2019 moli ni idadi tu, 6.02214076 × 10²³ kamili, bila kutegemea gramu za kitu chochote. Kwa hesabu zako hakuna kitakachobadilika, lakini kwa kuelewa, fasili mpya ni rahisi zaidi: moli ni kama dazeni au korija, ni hesabu ya vitu. Muuza kanga akisema korija tano hujiulizi zina uzito gani kwanza. Unajua ni kanga 100. Moli moja ya maji ni gramu 18, zaidi kidogo ya kijiko kimoja cha chakula. Mwanafunzi anayeona moli kama hesabu ya vitu hawezi kuchanganya kitendanishi kinachowahi kwisha na kile kinachobaki, kwa sababu anajiuliza vitu vyenyewe viko vingapi na kila kimoja kinahitaji wenzake wangapi. Anayeona moli kama herufi n kwenye kanuni atachanganya.

Upande wa "mna nini" ni mgumu zaidi, na hapa nataka nikwambie jambo ambalo vitabu vyetu vya Kiingereza haviwezi kukwambia. Mwaka 1991 Alex Johnstone wa Chuo Kikuu cha Glasgow, aliyetumia miaka mingi kuchunguza kwa nini kemia huwashinda wanafunzi, alionyesha kwamba tunawataka wasimame sehemu tatu kwa wakati mmoja: kwenye kile kinachoonekana kwa macho, kwenye chembe zisizoonekana, na kwenye alama tunazoandika ubaoni. Mwalimu huruka kutoka moja hadi nyingine bila kutangaza, na mwanafunzi huachwa njiani. Kwetu sisi tunaofikiri kwa Kiswahili na kufanya mtihani kwa Kiingereza, kuna mitego ya ziada kwenye maneno yetu wenyewe.

Chukua neno "kuyeyuka". Barafu inayeyuka juani, na sukari inayeyuka kwenye chai. Kwetu ni neno moja. Kwenye kemia ni mambo mawili yasiyofanana: barafu imebaki maji yaleyale, imebadilika hali tu, lakini sukari imesambaa katikati ya molekuli za maji, na isingekuwapo maji isingefanya hivyo. Nimewahi kuwaambia wanafunzi wachore chumvi ya mezani ikiwa ndani ya glasi ya maji, chembe kwa chembe. Wengi walichora vipande vidogo vya NaCl vikielea kwa jozi, kama chumvi iliyopashwa moto ikawa uji. Hakuna jozi mle. Ioni za sodiamu ziko peke yake, zimezungukwa na maji yaliyozielekezea upande wa oksijeni. Za kloridi ziko peke yake, zimeelekezewa upande wa haidrojeni. Ndiyo maana maji ya chumvi hupitisha umeme na maji ya sukari hayapitishi.

Au chukua "kali". Tunasema asidi kali, na neno hilo linabeba maana mbili: asidi ambayo molekuli zake zote zimeachana na haidrojeni zao, na asidi iliyo nyingi kwenye maji kidogo. Chuoni lazima uzitenganishe. Asidi ya haidrokloriki ya moli 0.001 kwa lita ni kali kwa maana ya kwanza na imezimuliwa sana kwa maana ya pili; pH yake ni 3. Siki ya jikoni yenye asidi ya asetiki asilimia 5 hivi ni dhaifu kwa maana ya kwanza, lakini ina moli 0.8 kwa lita, na pH yake inafika 2.4 hivi. Yaani dhaifu imeishinda kali, kwa sababu ni nyingi. Na "joto" nalo: tunalitumia kwa nishati inayohama na kwa kile kipimajoto kinachosoma. Jizoeze kusema jotoridi kwa kile cha kipimajoto hata unapoongea na wenzako, utajiokolea alama nyingi kwenye mada ya nishati.

Simaanishi kwamba uache Kiswahili. Mihadhara ni ya Kiingereza na majibu utaandika kwa Kiingereza, lakini kwenye kikundi chenu cha msuli elezaneni kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayeweza kumweleza mwenzake msawazo kwa Kiswahili bila kuficha ugumu nyuma ya maneno aliyoyakariri huwa ameuelewa.

Maabara ni pale swali letu la "mna nini, na kiasi gani" linapopata mikono. Sekondari ulifanya titresheni, najua, na huenda mara nyingi ulikuwa unajua jibu linalotarajiwa kabla hujafungua koki. Chuoni hakuna anayekupa jibu, na kosa lako lina thamani sawa na jibu lako, kwa maana kwamba lazima ulitaje na kulipima. Nikuonyeshe zoezi moja ninalolipenda, maana vifaa vyake viko sokoni.

Magadi yale anayoweka mama kwenye maharage au kunde ziive upesi ni madini yaitwayo trona, yanayopatikana kwa wingi Ziwa Magadi kule Kenya. Fomula yake ni Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O: kaboneti moja, haidrojenikaboneti moja, maji mawili, na uzito wa moli moja ni gramu 226. Pima gramu 2.26, yeyusha kwenye maji yaliyokenekwa, chuja mchanga, jaza mpaka sentimeta za ujazo 250. Ukichukua 25 kwa pipeti, kama magadi ni safi kabisa, una milimoli 1.00 ya kaboneti na milimoli 1.00 ya haidrojenikaboneti. Kwenye bureti weka asidi ya haidrokloriki ya moli 0.100 kwa lita.

Tia matone mawili ya fenofthalini kwanza. Myeyusho unakuwa waridi. Asidi inapoingia, inageuza kaboneti kuwa haidrojenikaboneti, na waridi linapotea kaboneti inapokwisha. Andika ujazo. Sasa tia metili orenji, uendelee mpaka manjano igeuke kuwa rangi ya chungwa. Hapo asidi imemaliza haidrojenikaboneti yote, ile ya asili pamoja na ile iliyozaliwa hatua ya kwanza. Kwa magadi safi hatua ya kwanza ingetaka 10.00, ya pili 20.00. Magadi ya sokoni hayakupi hivyo. Tuseme umepata 9.10 na 19.30. Kaboneti ni milimoli 0.91. Haidrojenikaboneti ya asili ni tofauti ya 19.30 na 9.10, gawanya kwa 10, unapata milimoli 1.02. Kwa hiyo kuna trona milimoli 0.91, na haidrojenikaboneti ya ziada milimoli 0.11. Ukizigeuza kuwa uzito unapata miligramu 215 kati ya 226 ulizopima, yaani asilimia 95. Iliyobaki ni mchanga uliouchuja, unyevu, pengine chumvi ya kawaida ambayo asidi haiigusi.

Jibu zuri. Mwanafunzi wa kidato cha sita angeishia hapo, na hata angeeleza vizuri ile ziada: magadi yamekaa wazi gengeni, yakanywa kaboni dioksidi na unyevu wa hewa, na kaboneti kiasi ikageuka haidrojenikaboneti. Maelezo hayo yanawezekana. Lakini mimi nikipita mezani kwake namuuliza: uliona waridi likipotea wapi hasa? Kimya. Kwa sababu fenofthalini kwenye hatua hiyo haikatiki ghafla; inafifia pole pole, na macho mawili hayakubaliani. Tuseme umekosea kwa 0.30 tu, na hatua ya kwanza ilikuwa 9.40 kweli. Jumla haibadiliki, 28.40, hivyo hatua ya pili ni 19.00. Rudia hesabu: kaboneti milimoli 0.94, haidrojenikaboneti 0.96. Ziada imebaki 0.02. Hadithi yako nzuri ya magadi kukaa gengeni imesimama juu ya matone sita ya bureti.

Hilo ndilo somo la maabara ya mwaka wa kwanza. Mambo madogo yanatokana nalo: toa faneli juu ya bureti kabla ya kuanza, maana tone likidondoka baadaye litakuharibia usomaji, hakikisha hakuna kiputo cha hewa chini ya koki, suuza bureti na pipeti kwa myeyusho utakaoutumia, lakini flaski ya kutitria isuuze kwa maji peke yake, kwa sababu myeyusho utakaobaki kwenye kuta zake utaongeza moli ambazo hukuzihesabu. Usimimine asidi haraka kwenye hatua ya kwanza, maana pale inapodondokea inazidi, inafukuza kaboni dioksidi kabla haijachanganyika, na usomaji wako unakuwa mkubwa kuliko ukweli. Na usiandike 9.1 wakati bureti imekupa 9.10; sifuri hiyo ni taarifa. Tarakimu muhimu, ambazo sekondari huonekana kama sheria za usafi, huku ni njia ya kusema kweli kuhusu ulichokiona.

Nishati ni mada ya pili kwa kuangusha watu, na huangusha kwa sababu wanafika na imani kwamba jambo linalotoa joto hutokea lenyewe na linalofyonza joto halitokei bila kusukumwa. Angalia mtungi wa maji uliokaa kivulini. Maji yanapenya kwenye udongo, yanageuka mvuke, na kila gramu inayoondoka inachukua kilojuli 2.4 hivi. Gramu 100 zikiondoka, na joto lote likatoka kwenye lita 10 zilizobaki, jotoridi lingeshuka karibu nyuzi 6. Hakuna aliyewasha moto, hakuna aliyesukuma, na mchakato huo unafyonza joto kutwa nzima. Unatokea kwa sababu molekuli zilizofungiwa ndani ya maji zikitoka hewani zina namna nyingi zaidi mno za kujipanga. Namna hizo ndizo zinazopimwa na entropi, na nishati ya Gibbs ndiyo mizani inayopima entalpi upande mmoja na entropi mara jotoridi upande mwingine. Utaona pia kwa nini mtungi wa Dodoma unapoza vizuri kuliko wa Tanga: hewa ya pwani imeshajaa mvuke, maji yanakaribia msawazo, na kutoka kwao kunapungua. Ukielewa mtungi, sura nzima ya nishati inafunguka, na ile ya msawazo inakuwa imeshaanza.

Muundo wa atomi nitaupita kwa haraka. Utaacha ile picha ya sayari zinazozunguka jua, utapokea obitali, na utaambiwa zimetoka kwenye mlinganyo wa Schrödinger wa 1926. Mwaka wa kwanza hutadaiwa kuukokotoa. Utadaiwa kusoma maana yake: kwa nini 4s hujazwa kabla ya 3d lakini chuma ikiwa ioni hupoteza za 4s kwanza, kwa nini elementi fulani hutoa rangi fulani. Mchuzi ukifurika jikoni na moto wa gesi wa bluu ukawa manjano, hiyo ni sodiamu ya chumvi, elektroni yake inarudi chini na kutoa mwanga wa nanometa 589. Ukiweza kutoka kwenye hiyo namba hadi nishati ya fotoni moja, halafu ya moli nzima ya fotoni, uko salama.

Kemia ya kaboni nayo ina jambo moja tu la kukwambia kwa sasa. Sekondari ulikariri miitikio: hiki pamoja na kile hutoa kile. Chuoni utafundishwa kuchora mishale inayoonyesha jozi ya elektroni inatoka wapi kwenda wapi. Ukianza na mishale siku ya kwanza, miitikio mia itageuka kuwa mienendo minne au mitano inayojirudia. Ukiendelea kukariri, itakushinda, kwa sababu ni mingi mno. Nimewaona wenye kumbukumbu za ajabu wakishindwa hapo, na inaniuma kila mara, maana walifanya bidii ya kweli kwenye njia isiyofika.

Sasa wiki zako sita. Usinunue kitabu kizito ukaanza kukisoma kutoka ukurasa wa kwanza. Kitakukatisha tamaa na chuo chako kitakuwa na chake maktaba. Pata kikokotoo cha kisayansi chenye logi za aina mbili na ujue kila kitufe chake, kwa sababu utakaa nacho miaka mitatu. Rudia hesabu za vipeo, logi na mlinganyo wa kipeo cha pili mpaka usiviogope. Wanaoanguka kwenye msawazo wengi wao kemia wanaijua, hesabu ndizo zinazowakwamisha. Kisha chukua mitihani ya nyuma ya kidato cha sita, lakini usiifanye kwa namna ile ya zamani. Fanya swali, upate jibu, halafu libadilishe mwenyewe: ukolezi ungekuwa mdogo mara milioni ingekuwaje? Jotoridi lingepanda? Kitendanishi kingine ndicho kingewahi kwisha? Maswali mawili kwa siku kwa namna hiyo yanatosha kabisa.

Chuo kikifunguliwa, usikose semina hata moja, hata kama mhadhara umeukosa kwa sababu ya ukumbi kujaa. Kwenye semina ndiko unakosolewa mbele ya mwalimu kabla ya mtihani kukukosoa. Na alama za mazoezi na majaribio ya muhula usizidharau. Kwenye vyuo vyetu vingi huwa ni 40 kati ya 100, na anayeingia kwenye UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, na 30 mkononi huandika kwa mkono usiotetemeka.

Na la kuanzia leo jioni: chota glasi ya maji ya mililita 250, chukulia kwamba ni safi, tia chumvi gramu 0.585, koroga. Andika kwenye karatasi kila aina ya chembe iliyomo ndani ya glasi hiyo na moli zake. Zisipungue aina tano. Maji yenyewe yatakupa moli 13.9 hivi, hiyo nakupa bure. Nyingine zitafute, na ukikwama niandikie umekwamia kwenye ipi.